Sabufa za bei nafuu: Mlaji ananunua sauti au ananunua namba?

Anayepita katika maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli kule Nairobi, hana haja ya kuuliza ni bidhaa gani inayogombewa na wauzaji. Sabufa zimepangwa mpaka nje ya mlango, taa zake zinawakawaka, na kila muuzaji amefungulia yake kwa sauti ya kumzidi jirani. Juu ya boksi kuna namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko hata jina la kiwanda: wati 8,000, wati 10,000, wati 12,000. Namba hiyo ndiyo inayouza. Na namba hiyohiyo ndiyo inayowatia hasara walaji, wenye vibanda umiza, wenye baa ndogo na hatimaye wauzaji wenyewe.

Ieleweke mapema kwamba hoja hapa si kuwabeza wananchi wanaonunua vitu vya bei nafuu. Itakumbukwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na kabla ya bajeti ya mwaka 1984 kuwaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, hata redio kaseti ilikuwa mali ya kutafuta kwa tochi. Leo fundi viatu anaweza kuwa na runinga bapa ukutani na sabufa chini yake, na hilo ni jambo jema. Swali ni kama fedha yake imenunua kile alichoambiwa.

Chini ya ile namba kubwa, kwa herufi ndogo, mara nyingi huandikwa PMPO. Herufi hizo hudaiwa kumaanisha nguvu ya kilele cha muziki, yaani nguvu ambayo kifaa kingeitoa kwa kipande cha sekunde kisichomsaidia msikilizaji. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuikokotoa, hivyo kila kiwanda hujizidishia kinavyopenda. Kipimo chenye maana kwa mnunuzi ni wati za RMS, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kuanza kukoroma.

Hesabu ya kuumbua namba hizi haihitaji shahada. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13 na umeme wetu ni wa volti 230. Zidisha, utapata wati 2,990. Sabufa inayosema wati 12,000 ingehitaji soketi zaidi ya nne kwa wakati mmoja. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja, kwa hiyo sabufa hiyo ikipigwa kwa nguvu inayoitangaza ingekula uniti 12 kila saa, na mwenye kibanda umiza angefunga biashara kabla ya mapumziko ya mechi. Yeye mwenyewe anajua kwamba haili hata uniti moja.

Geuza sasa sabufa hiyohiyo utazame nyuma. Kuna kibati kidogo kinachosema kifaa kinatumia umeme kiasi gani, na juu yake utakuta wati 40, 60 au 80. Pembeni kuna fyuzi ya ampea 1 au 2. Ampea 1 kwa volti 230 ni wati 230, na ikizidi sana hapo fyuzi inakatika. Kwa haki ya viwanda hapana budi kusema kwamba kibati si kipimo kamili cha sauti, kwa sababu hata amplifaya za heshima huandikwa matumizi ya wastani, ambayo ni madogo kuliko yale ya kilele. Lakini wastani hauwezi kueleza jinsi 60 ilivyogeuka kuwa 12,000.

Wamarekani walishalipitia jambo hili. Baada ya viwanda vya redio kushindana kwa namba za kubuni, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilitoa kanuni mwaka 1974 iliyovilazimisha viwanda kutangaza nguvu ya amplifaya za nyumbani kwa kipimo cha mfululizo, chenye masharti yanayojulikana. Kanuni hiyo imefanyiwa marekebisho mwaka 2024, ishara kwamba tabia ya kutia chumvi haikufa. Matokeo yake ni kwamba katika soko hilo kampuni yenye jina inaweza kuuza sabufa yenye spika ya inchi 10 ikaandika bila haya wati 50 za mfululizo. Ilete sabufa hiyo Kariakoo, uiweke kando ya ile ya wati 12,000 yenye spika ya inchi 5, na mteja ataicheka.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa soko hili. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu ya fikra hizo. Hoja yake ni rahisi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima anaona hapati thamani yake, analiondoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Mfanyabiashara wa Kariakoo hajahitaji kusoma makala hiyo. Aliyejaribu kuleta mzigo wenye namba za kweli aliuona ukikaa rafuni huku wa jirani ukiisha, na safari iliyofuata akaleta wenye namba ndefu kama wenzake.

Wauzaji wanajitetea kwamba soko ndilo linalotaka namba, na wao ni watumishi wa soko. Utetezi huu si wa kijinga, lakini haujahesabu upande wa pili wa daftari. Tuseme mwenye duka amenunua sabufa 10 kwa shilingi 90,000 kila moja, akaziuza kwa shilingi 110,000. Faida ni shilingi 200,000. Mbili kati yake zikirudi zimeungua koili ndani ya mwezi, naye akabadilisha ili asipoteze wateja, shilingi 180,000 zimekwenda. Amebaki na 20,000, na kodi ya fremu bado. Hiyo ni mifano ya kukisia, lakini kila mwenye duka anaweza kuweka namba zake mwenyewe akaona zinavyoangukia.

Na kwa nini zinaungua? Kwa sababu mnunuzi ameamini boksi. Aliyeambiwa ana wati 12,000 anaipeleka kwenye shughuli ya uwanjani, anaifungulia mpaka mwisho saa sita mfululizo, na amplifaya ya wati 30 inaishiwa pumzi. Inapoishiwa pumzi sauti huanza kukatwa vichwa, joto linajaa katika koili, na gundi inaachia. Muuzaji anasema mteja ameitumia vibaya. Ameitumia kama alivyoambiwa.

Sasa mnunuzi mwenye fedha kidogo achague nini? Kwanza ajue mdundo unatoka wapi. Sauti nzito ni hewa inayosukumwa, na hewa husukumwa na eneo la karatasi ya spika na umbali inaokwenda mbele na nyuma. Spika ya inchi 8 ina eneo mara nne ya spika ya inchi 4, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Tena, kadiri unavyoshuka chini ndivyo kazi inavyokuwa ngumu: kutoka mitetemo 80 kwa sekunde kwenda 40, kwa ukubwa uleule wa sauti, spika inatakiwa isukume hewa mara nne zaidi. Mitetemo hii ndiyo inayoandikwa Hz kwenye karatasi ya maelezo, na uzi mnene kabisa wa gitaa la besi uko kwenye 41 hivi. Sabufa ndogo haifiki huko. Inachofanya ni kuvimbisha mitetemo ya juu zaidi ya hapo, ndiyo maana kila wimbo unasikika una mdundo wa aina moja, bum, bum, kama mtu anayepiga godoro.

Wati zenyewe zina thamani ndogo kuliko zinavyosifiwa. Kuongeza nguvu kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio la kawaida hulitambua bila kushtuka. Ili sauti isikike imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hiyo anayelipa ziada ili atoke wati 40 za kweli kwenda 60 za kweli amepoteza ziada yake. Angelipia spika kubwa na boksi kubwa.

Boksi. Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa page hii wanalifahamu kwa upande wa gharama lakini huenda hawajalihusisha na sauti. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya spika ya KLH iliyoundwa Marekani mwaka 1957, aliacha kanuni ambayo mafundi wa spika wanaishi nayo mpaka leo. Kuna mambo matatu ambayo kila mtu anayataka: boksi dogo, mdundo wa chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Unaruhusiwa kuchagua mawili. Boksi dogo lenye mdundo wa chini linawezekana, lakini linataka amplifaya kubwa na spika ghali. Kwa mnunuzi wa bei nafuu, njia iliyobaki ni moja tu, nayo ni boksi kubwa.

Lakini mzigo wa kuchangia kontena kutoka China hutozwa kwa ujazo, kwa CBM kama wanavyosema wenyewe, na boksi kubwa la sabufa ni hewa tupu inayolipiwa nauli. Mwagizaji mwenye akili ya biashara anachagua boksi dogo ili zimwingie nyingi. Kiwanda kinampa boksi dogo, tena la mbao nyembamba au plastiki, kisha kinafidia kwa namba, taa, rimoti, na tundu la flashi. Sabufa nyingi za bei ya chini zina ujazo usiofika ndoo ya lita 20, wakati spika ya maana ya inchi 12 hudai lita 50 au zaidi. Hakuna aliyepanga njama hapo. Nauli ya meli ndiyo iliyochagua sauti ya sebuleni.

Kama ni hivyo, basi mwenye mtaji mdogo anayetafuta pa kuuweka ana jambo la kulipigia hesabu. Kitu ghali kusafirisha, yaani boksi, ndicho kitu rahisi kutengeneza hapa. Mafundi seremala wa Keko wanaweza kuunga boksi la MDF la milimita 18 kwa usahihi kuliko linavyotoka katika viwanda vya bei ya chini, na mafundi wa muziki wa mitaani wamekuwa wakiunda maboksi makubwa ya spika kwa miaka mingi. Kinachotakiwa kuagizwa ni spika yenyewe na amplifaya ya bati inayofungwa nyuma ya boksi, vitu vizito kiasi lakini vyenye ujazo mdogo. Spika nzuri huja na karatasi ya kiwanda inayosema inataka lita ngapi na bomba la hewa la urefu gani, na fundi akiifuata bila ubishi matokeo huwa mazuri.

Isisemwe kwamba ni fedha ya bure. Fundi anayekata boksi kwa macho ataharibu spika nzuri. Mteja aliyezoea taa ataona boksi jeusi lisilowaka chochote akadhani limekufa. Na anayeagiza spika moja moja atalipa bei ya rejareja, faida ikaishia njiani. Anayefaa kuanza ni yule mwenye wateja wanaosikiliza kabla ya kutazama: wenye baa, makanisa na madrasa zenye kumbi, kumbi za harusi, na wachache wanaojenga chumba cha sinema nyumbani.

Kwa hao wa sinema ya nyumbani, ile inayoitwa hom thieta, kuna tofauti inayowagharimu wengi. Mfumo wa sinema wa 5.1 una chaneli tano za kawaida na moja ya milio mizito tu, isiyopanda juu ya mitetemo 120. Sinema zilianza kuigiza mitetemo hiyo zamani: filamu ya Earthquake ya mwaka 1974 ilionyeshwa katika kumbi zilizofungwa spika kubwa maalumu ili watazamaji wahisi ardhi ikitikisika. Chaneli ya aina hiyo inahitaji sabufa yenye amplifaya yake ndani. Seti nyingi za hom thieta zilizotumika, ambazo hushuka bei kila mwaka, zina sabufa isiyo na amplifaya. Nguvu yake inatoka kwenye deki. Deki ikifa, sabufa hiyo imebaki stuli. Wala si rahisi kuifunga kwenye amplifaya nyingine, kwa kuwa mara nyingi plagi yake ni ya kiwanda hicho tu na ukinzani wake ni mdogo kuliko amplifaya ya kawaida inavyopenda. Kabla ya kulipa, tazama nyuma: kama hakuna waya wa umeme unaokwenda ukutani, huo ni mzigo wa fundi.

Anayeletewa na ndugu kutoka Marekani aangalie volti. Huko ni 120, na kifaa kisicho na swichi ya kubadilisha kikichomekwa kwenye 230 kitatoa moshi siku ya kwanza. Transfoma inawezekana kununuliwa, lakini iingizwe katika bei tangu mwanzo.

Dukani, mnunuzi afanye mambo ambayo muuzaji hayapendi. Ainyanyue: sumaku kubwa na transfoma ya kweli vina uzito, na boksi jepesi kama kopo halina kitu. Aligonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe litalia hivyo hivyo kila muziki ukipigwa. Aende na flashi yake yenye wimbo anaoujua, asikubali ule wa dukani uliochaguliwa kwa sababu unaficha. Aombe vifungo vya besi na trebo virudishwe katikati, kisha sauti ishushwe mpaka waweze kuzungumza. Sabufa nzuri mdundo wake bado unasikika. Ile ya namba mdundo unatoweka, imebaki mluzi. Mwenye kibanda umiza hasa asikilize maneno. Wateja wake wa filamu zilizotafsiriwa wanalipa ili kumsikia msimulizi, na besi inayommeza msimulizi inafukuza wateja.

Akifika nyumbani aiweke pembeni ya chumba, ambapo kuta mbili hukusanya sauti nzito na kuiongeza bila shilingi. Ikivimba mno aisogeze. Madirisha ya nondo na nyavu hupitisha mdundo kwenda kwa jirani, na hilo ni suala la mjumbe wa nyumba kumi.

Upande wa mamlaka, hakuna kinachohitaji kubuniwa. Njia za kupima amplifaya na spika zimo katika mfululizo wa viwango vya kimataifa vya IEC 60268. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina mpango wa kukagua ubora wa bidhaa huko zinakotoka kabla hazijapakiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kudai kwamba kila boksi liandike wati za RMS kwa herufi zisizo ndogo kuliko namba nyingine yoyote hakuongezi gharama ya kiwanda hata senti. Kunapunguza wino.

Wakati hilo likisubiriwa, mwenye duka hazuiwi na yeyote kuchukua kalamu. Kadi moja juu ya kila sabufa, yenye inchi za spika, wati za kibati cha nyuma na uzito wa kilo, inamgharimu karatasi. Mnunuzi naye ana haki ya kuomba namba hizohizo, pamoja na muda wa dhamana, ziandikwe kwa mkono nyuma ya risiti ya EFD na kugongwa muhuri wa duka. Muuzaji atakayekubali kuandika wati 12,000 na kugonga muhuri bado hajaonekana.